Sauti Zilizobaki Darasani

Asubuhi ile watoto waliokuwa mbele ya Mwalimu Skolastika walikuwa wachache, wote wameenea kwenye madawati ya mbele, lakini walipomwamkia, shikamoo yao ilitoka nzito kama ya darasa lililojaa mpaka mlangoni. Aliitikia marahaba, akageukia ubao aandike tarehe, mkono ukamsita. Sauti nyingine zilikuwa zimetoka nyuma, kwenye madawati yasiyokuwa na mtu.

Akajiambia ni mwangwi. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la zamani, kuta nene za mawe na chokaa. Wazazi wa Kilwa Kivinje walilikuta gofu, wakaliezeka bati, wakalifanya shule ya kutwa ya kwao wenyewe, kwa kuwa ile ya serikali haikutosha. Skolastika aliitwa kufundisha hapo kutoka Newala. Alikuwa Mmakonde, Mkristo, hana ndugu pwani yote, na mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya darasa. Watu wa mji walimheshimu. Walimsalimia njiani, wakapita zao.

Alichokipenda zaidi katika kazi yake ni kipindi cha habari. Kila siku kabla ya hesabu, watoto walisimama mmoja mmoja wakaeleza yaliyotokea kwao: nani kajifungua, nani kaposwa, maulidi yatasomwa nyumba gani. Mpaka watu wazima sokoni walizoea kusema, "Nimesikia shuleni." Lakini mwaka ule wa 1974 habari ziligeuka zikawa moja tu. Mtoto alisimama akasema, kesho sisi tunahama. Malori yalikuwa yakichukua familia za mashambani, pembezoni mwa mji, kuzipeleka kwenye vijiji vya ujamaa. Wengi walipelekwa Naipuli, huko bara. Kila lori lilipoondoka, dawati jingine lilibaki wazi.

Siku moja mtoto wa mwisho alikuwa amekwisha kueleza habari zake na kuketi, na Skolastika anataka kufuta ubao, sauti ya kitoto ikasema kutoka nyuma, taratibu, kama mtoto anayeona haya:

"Mwalimu jana hakula. Alikaa kitandani, ameshika kanga ya mama yake."

Hakuna aliyecheka. Mwanaima, binti wa Mzee Bakary mwenyekiti wa wazazi, aligeuza shingo akatazama nyuma, kisha akainamia daftari lake upesi. Skolastika aliwaruhusu watoto waende nyumbani mapema. Alipobaki peke yake alisikia harufu ya udi, na ndani ya udi ule harufu nyingine, ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Yeye pia angeweza kuondoka. Hakuondoka, na sababu yake hakuthubutu kuisema kwa mtu. Tangu afike Kivinje, hakuna aliyewahi kumuuliza amekula nini.

Siku iliyofuata, watoto walipokwenda makwao mchana, alikaa mezani kwake, mlango umefungwa kwa ajili ya jua. Madawati yakalia kidogo kidogo, kama vile watoto wanaketi. Sauti ikamuuliza habari zake. Akajibu nzuri. Sauti ikasema si nzuri, mwalimu, tueleze. Akaeleza. Alieleza ugonjwa wa mama yake, na safari ya kufika msiba ukiwa umekwisha, na usingizi usiomjia. Kila aliposita, sauti nyingi pamoja zilimwambia endelea mwalimu, na alizitambua zote, kwa maana zilikuwa sauti za watoto wake waliohama. Aliogopa. Hata hivyo, kesho yake alirudi akakaa pale pale.

Ikawa ndiyo desturi yake. Akakonda. Mzee Bakary alipita mara moja kumuuliza kama anaumwa. Alisema ni joto tu. Mzee akamwambia watoto waliobaki wanaogopa kuketi karibu na nyuma, wanasema kuna baridi, na Mwanaima sauti inamkauka tangu familia yao iandikwe kuhama. Skolastika alimsikiliza akitamani mzee aondoke, maana kule ndani walikuwa wanamngoja.

Kisha akaja Yustina.

Yustina alikuwa mke wa seremala, miongoni mwa waliotangulia kwenda Naipuli. Alikuja na mwanawe Sipriani, ambaye darasani alikuwa msemaji kuliko wote. Walitoka hospitali, akaona asipite bila kumsalimia mwalimu. Walisimama kwenye baraza, jua la adhuhuri kali, na Yustina akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto hajasema neno tangu ashuke kwenye lori. Daktari ametazama koo, hakuona kitu. Na si yeye peke yake. Watoto wote waliotoka shule hii wako hivyo, wanacheza na kula na kulia machozi, ila kilio chao hakina sauti.

"Msalimie mwalimu wako," akamwambia mwanawe.

Sipriani akafungua kinywa. Midomo ikaenda, shingo ikamtoka mishipa, hakikutoka kitu. Na wakati ule ule, ndani ya darasa lililofungwa, nyuma ya mlango ambao Skolastika mwenyewe alikuwa ameshika ufunguo wake mkononi, sauti ya Sipriani, safi, ya furaha, sauti ambayo mama yake angeitambua katikati ya soko zima, ikasema shikamoo mwalimu, mbona unachelewa, ingia tukupe habari.

Yustina hakupiga kelele. Alimvuta mtoto kifuani, akarudi nyuma mpaka barabarani, akimtazama Skolastika machoni.

"Ni wewe unawaweka humo?" akauliza.

Siku ile ile Skolastika alikwenda kijiji cha Singino kwa Fundi Likwata, mzee aliyejulikana kwa kutoa majini, akamweleza kila kitu, mpaka lile aliloona aibu kulisema, kwamba sauti zile alizipenda. Mzee hakumlaumu. Alimwambia jini huyo amekaa ghalani tangu zamani bila mtu wa kusema naye, kwa kuwa hana sauti yake mwenyewe. Kila mtoto aliyeondoka na huzuni aliacha mlango wazi, naye akaokota sauti yake. Kinachomkalisha na sauti hizo sasa ni mtu mmoja anayemjibu.

"Mimi nitafukiza," akasema Likwata. "Lakini aliyemkaribisha ndiye wa kumnyima. Atakusemesha. Usimjibu, binti yangu, hata kwa kuguna. Na ujue, hatakubali kubaki mikono mitupu."

"Atachukua nini, babu?"

"Atakachokiona karibu."

Walikwenda mchana wa siku iliyofuata. Mzee Bakary na wazazi wachache walisimama nje wakisoma dua. Likwata akaweka chetezo katikati ya madawati, akatia ubani na mavumba, akafungua madirisha yote, akatoka. Skolastika akabaki mezani kwake.

Mwanzoni walimwamkia. Akanyamaza. Wakaamkia tena, darasa zima, na tena, na kila mara shikamoo ilikuwa na majonzi zaidi, mpaka wadogo wakaanza kulia wakiuliza wamekosa nini. Madawati yakaburutwa yenyewe yakamzunguka, moshi ukainama chini kama unakanyagwa, harufu ya kisima ikajaa puani mpaka akahisi maji ya baridi kooni, na sauti zikamjia sikioni moja baada ya nyingine, zikimkumbusha yote aliyowaeleza, zikimuuliza leo atalala na nani, kesho ataongea na nani, nani katika mji huu anajua jina la mama yake. Na aliposhika meza kwa mikono miwili asianguke, zote zikanyamaza, na karibu sana na shavu lake sauti ya mwanamke mzee ikamwita kwa Kimakonde, kwa jina la utotoni ambalo hakuwa amemtajia mtu, hata hao, ikamuuliza, mwanangu, umekula?

Machozi yalimtoka. Aliuma mdomo mpaka damu, akaushikilia ukimya wake. Hakujibu.

Moshi ukanyooka, ukatoka dirishani. Walio nje walisikia sauti za watoto zikipita juu ya vichwa vyao kuelekea bara, kama watoto wanaotoka shule kwa mbio. Mwanaima, akiwa kando ya baba yake, alikohoa, akasema anataka maji.

Mzee Bakary aliingia ndani. Alimkuta Skolastika bado ameketi. Akamuuliza kama ni mzima. Yeye akafungua kinywa amwambie kwamba yamekwisha, midomo ikaenda, hakikutoka kitu.

Shule ilifungwa, maana waliobaki nao karibu wote walihama. Skolastika alichukuliwa na akina Yustina mpaka Naipuli. Huko walimpa chumba katika nyumba yao, na jioni wanawake humletea chakula, humuuliza habari zake, naye hutikisa kichwa na kutabasamu. Watoto aliwafundisha kwa chaki na mikono. Walipiga kelele kutwa, Sipriani kuliko wote.

Mwaka uliofuata Mzee Bakary, ambaye familia yake ilifutwa mwishoni kwenye orodha ya wanaohama, alikuja kuwatembelea kutoka Kivinje. Hakutaka kumweleza Skolastika ya huko, ila alimwona ameshika chaki anangoja kuandika swali, akaona si haki kumficha. Akamwambia kwamba watu wa Kivinje siku hizi wanazunguka njia nyingine adhuhuri. Mlango wa ghala umepigiliwa mbao, lakini ukipita karibu unamsikia mwalimu ndani anafundisha, kwa sauti yake ile ile. Anawaambia watoto wasimame, wamweleze habari za kwao. Kisha anangoja. Hakuna anayemjibu, naye anauliza tena.