Santuri ya Maziko ya Leocadie

Santuri ilikuwa kavu Anatole Duvigneaud alipoiweka juu ya mashine. Alipoiinua ilikuwa imelowa. Halikuwa jasho la mkono, wala unyevu wa Agosti ambao pale mtaani kwao Tremé huingia hata ndani ya kabati la mkate. Yalikuwa matone ya maji, makubwa, yametulia juu ya santuri nyeusi. Akatazama juu, dari haivuji. Akayafuta kwa kitambaa laini, akajiambia kwamba mtu akifika miaka sitini huanza kuona mambo. Kisha akaipiga tena.

Anatole alikuwa mkusanyaji wa santuri, na wakusanyaji tunawajua. Alikuwa nazo maelfu, zote za jazi ya kale, ile ya matarumbeta na ngoma iliyozaliwa mitaa hiyohiyo kabla watu, kwa maneno yake, hawajaivuruga. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vilivyofuatana mstari mmoja, mlango ukitazama mlango, kutoka baraza la mbele hadi jikoni nyuma. Santuri zilikaa chumba cha katikati. Huwezi kwenda jikoni bila kuzipita, ndiyo maana mkewe Verlie alizoea kusema kwamba ameolewa uke wenza.

"Wenzangu hawajambo leo?" aliuliza akipita na kapu la nguo. "Umewafuta vumbi wote? Hata mimi nina vumbi, Nato, ukipata nafasi."

"Njoo basi nikufute."

"Nenda zako huko! Mikono yenyewe inanuka sindano za gramafoni."

Hiyo iliyolowa aliipata kwa mjane wa fundi redio. Enzi zake yule fundi alikuwa na mashine ya kuchonga santuri mwenyewe, na siku moja akaipakia garini, akayafuata maziko, akainasa bendi ikimsindikiza marehemu makaburini. Bendi yenyewe haikuwahi kuingia studio. Duniani pote hakukuwa na nakala ya pili. Anatole alipoisikia mara ya kwanza alilia machozi ya kweli, na tangu hapo kila siku baada ya chakula cha mchana alifunga mlango, akaketi, akaisikiliza: tarumbeta likiomboleza, ngoma ikipigwa kwa sauti ya kuzibwa, nyayo nyingi zikiburuzika barabarani, na mwishoni kishindo cha mvua, kisha kimya. Upande wa pili haukuwa na kitu.

Jumatatu moja Verlie alikuwa akikoroga maharage mekundu jikoni. Akapaza sauti.

"Nato! Zima hicho kitu, kinanitia baridi."

Anatole alikuwa barazani anasoma gazeti. "Sijawasha."

"Usinifanye mtoto. Naisikia ngoma."

Akaingia ndani ili amwoneshe kwamba mashine imezimwa. Ilikuwa imezimwa. Ngoma ikapiga. Ilitoka upande wa ukuta, imezibwa, polepole, pigo, kisha muda mrefu, kisha pigo. Ikaja na harufu ya maua yaliyooza majini na udongo mbichi, harufu nzito iliyofunika ya maharage na ya vitunguu, na wote wawili wakasimama wakitazamana. Verlie alikuwa ameshika mwiko. Maharage yakaungua, na Jumatatu hiyo wakala mkate.

Ungedhani mtu mwenye akili zake angeitoa santuri ile nyumbani. Anatole aliihamisha rafu.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, akiwa anasikiliza na mlango umefungwa, mlango ulifunguliwa. Verlie akapita. Hakumtazama mumewe. Alikuwa amevaa aproni, mikono imelegea, macho wazi, anatembea hatua moja, anavuta mguu wa pili, anasita, hatua nyingine, anasita. Kila mtu wa mji ule anaijua hatua hiyo toka utotoni, ni hatua ya kumpeleka maiti. Alivuka chumba cha kulala, akavuka sebule, akafika barazani, hapo santuri ikafika kwenye mvua na kunyamaza, naye akasimama.

"Verlie?" Anatole alinong'ona. "Verlie, mke wangu."

Akageuka, akashangaa. "Nimefikaje huku? Na nani kamwaga maji?"

Miguu yake ilikuwa imelowa hadi vifundoni. Anatole alipomshika mkono, ulikuwa wa baridi, na moyo wake ukamlipuka kwa hofu kwa sababu alimpenda mwanamke yule kuliko alivyowahi kumwambia.

Hakuipiga tena santuri, lakini haikujali. Kila baada ya chakula cha mchana ngoma ilianza yenyewe ukutani na Verlie akatembea: siku moja hadi langoni, siku nyingine hadi kona, na Anatole akimfuata nyuma akimwita kwa sauti ya chini majirani wasisikie, akimvuta mkono naye havutiki. Kila aliporudi alikuwa amepungua kidogo. Midomo ikawa ya kijivu, utani ukaisha. Njia aliyoishika ilikuwa ya makaburini.

Ndipo Anatole akamwita Octave.

Octave alikuwa kaka yake Verlie, mpiga ngoma ndogo katika bendi za maziko tangu ujana. Pale hawachomi ubani kumfukuza pepo. Mambo ya wafu wanawaachia wanaowasindikiza. Octave alisikiliza santuri ile mara moja, amesimama, kofia mkononi. Ilipofika kwenye mvua akaketi.

"Imeishia hapo?"

"Hapo."

"Hakuna ya kurudi?"

"Hakuna, shemeji."

Octave akafuta uso. "Ile ngoma ni ya marehemu baba. Namjua hata akipiga usingizini. Unasikia ilivyozibwa? Leso imewekwa chini ya nyuzi za ngoma. Tunampeleka mtu na leso ndani, tunafika, tunamlaza, halafu natoa leso, ngoma inalia wazi, tunamwachilia aende zake, tunarudi tunacheza. Siku hiyo walimpeleka mwanamke, Leocadie. Ikashuka mvua ya kufa mtu, radi, wapigaji wakakimbia na vyombo vyao kila mtu kwao. Hakuna aliyetoa leso. Baba aliona aibu mpaka anakufa."

"Mimi nasikiliza muziki tu," alisema Anatole.

"Ule si muziki wa kukaa kitini, ni wa kutembea! Wewe kila siku ukishashiba unamchukua mwanamke wa watu, unamtembeza hadi makaburini, unamwacha kwenye mvua, unakwenda kunywa kahawa. Mara ngapi hizo, Nato? Sasa amechoka kusubiri. Ametafuta wa kubadilishana naye."

Chumba cha pili Verlie alikohoa. Wakapunguza sauti.

"Nifanye nini?"

"Jumamosi naleta bendi. Santuri tutaibeba kama jeneza, tutaipigia polepole hadi kaburini kwake. Utaivunja wewe, mwenye nayo, juu ya kaburi. Nami nitatoa leso, tumalize kazi aliyoacha baba." Octave akamshika ukosi. "Ila nisikilize vizuri. Leso ikitoka, lazima mtu aachiliwe. Kama santuri ya Leocadie haimo mkononi mwako, ataachiliwa aliye karibu na mlango wa wafu, na aliye karibu ni dada yangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Utaivunja?"

"Ni mke wangu, Octave!"

Na alimaanisha. Ijumaa nzima alimaanisha. Jumamosi asubuhi akaitoa rafuni aifunge kwa kitambaa cheusi, na hapo, maskini ya Mungu, akaitazama. Hakuna nakala ya pili. Tarumbeta lile halitasikika tena na kiumbe yeyote mpaka dunia iishe, na yeye Anatole, aliyetumia uhai wake kuokoa sauti zisipotee, ndiye atakayeligonga kwenye jiwe. Akajiambia kwamba kaburi halina masikio. Akajiambia kwamba dawa ni bendi na leso, na kuvunja ni mambo ya Octave ya kupenda makubwa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaenda rafu ya chini, vimeshachomoa santuri nyingine ya ukubwa uleule, ya nyimbo za kuuzia sabuni, vimeifunga kwa kitambaa cheusi. Ya Leocadie akaisukuma nyuma ya kabati. Nasema kweli, nikifika hapa huwa natamani kumzaba kibao.

Walianza safari saa sita, jua likiwaka. Octave mbele na ngoma iliyozibwa, nyuma yake matarumbeta, kisha Anatole amebeba kitambaa cheusi kwa mikono miwili, na Verlie kando yake kwa ile hatua, mguu, kusita, mguu, uso umekauka. Walipopita watu walivua kofia. Kadiri walivyokaribia ukuta wa makaburi ndivyo jua lilivyofifia bila wingu kuonekana, na ile harufu ya maua mabovu ikapanda kutoka chini ya miguu yao, na Anatole akaanza kusikia nyayo za watu ambao hawakuwa katika msafara, nyingi, zikiburuzika nyuma yake kwa mwendo uleule, hakuthubutu kugeuka, akamtazama Verlie naye Verlie shingo imelowa, nywele zimelowa, maji yakimtiririka kidevuni katika mchana mkavu, na midomo yake ikitikisika ikisema jambo ambalo tarumbeta lilikuwa linalifunika, na Anatole akainama kumsikiliza na akasikia, "Nato, nishike, nishike, usiniachie," basi akamshika mkono kwa nguvu zake zote, huku mkono mwingine ukibana kwenye mbavu ile santuri ya sabuni, na wakaingia langoni, wakapita kati ya makaburi yaliyojengwa juu kama vijumba vyeupe, wakasimama mbele ya moja ambalo plasta yake ilikuwa imebanduka, na bendi ikanyamaza.

"Vunja," alisema Octave.

Kwa kitambo kidogo Anatole angeweza kusema. Angeweza kusema subirini, nyumba haiko mbali, nikimbie. Alimtazama shemeji yake, akatazama wapigaji, akaona aibu. Akaigonga ile santuri juu ya kaburi ikavunjika vipande.

Octave akachomoa leso.

Ngoma ikalia wazi, kali, na tarumbeta likaruka juu, tromboni likacheka, jua likarudi palepale. Mkono wa Verlie katika mkono wake ulilegea kabisa, kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi. Kisha ukashika upya.

"Ngoma!" alisema Verlie, na uso wake ukajaa rangi. "Jamani, ngoma!"

Akacheza njia nzima. Watu walitoka vibarazani wakafungua miamvuli, wakajiunga, na Octave akapiga huku machozi yanamtoka, akipaza sauti kwa kila mtu, "Dada yangu huyo! Mwoneni dada yangu!" Anatole naye alicheza. Alikuwa na furaha ya mwizi aliyepita mbele ya askari. Amempata mke na santuri anayo.

Jioni Octave aliondoka ameshiba. Verlie alibaki akizunguka vyumbani taratibu, akigusa mapazia, akigusa mlango wa jokofu, akiufungua na kuufunga.

"Nyumba nzuri," alisema. "Unaishi vizuri, bwana."

"Tunaishi," alisema Anatole akicheka.

"Tunaishi," alikubali. Akageuka akamtazama kwa upole. "Yule mwanamke tuliyemwacha kule, aliyekuwa analia anakuita, ni nani wako?"

Anatole alimwacha palepale. Aliingia chumba cha katikati, akafunga mlango, akavuta kabati. Sindano ikateleza mara mbili. Tarumbeta likaomboleza kama siku zote. Ngoma ya kuzibwa. Nyayo. Kisha mvua, na pale ambapo siku zote palikuwa na kimya, ndani kabisa ya kishindo cha maji, sauti aliyolala nayo kitanda kimoja miaka thelathini.

"Nato? Mbona mnaondoka? Nato, kunanyesha!"

Sindano ikafika mwisho, ikawa inakwaruza.

Aliijua hesabu yake yote, hakuhitaji Octave amwambie. Akiivunja sasa, amemzika. Akiipiga, anamtembeza tena hadi kaburini, anamwacha tena kwenye mvua. Jikoni yule mwanamke alikuwa anafungua maji, anafunga, anafungua, anacheka peke yake. Anatole alitazama rafu zake, kutoka sakafuni hadi darini, sauti za watu wote aliowaokoa, na ndipo akakumbuka kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuinasa hata mara moja sauti ya mkewe. Alikuwa na hiyo tu.

Akainua sindano, akairudisha mwanzo.