Abiria wa Kona ya Sabuni

Abiria hakugonga bega mara mbili. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza, na lilikuwa dogo kiasi kwamba Mama Chachu alilisahau kabla hajafunga aproni.

Alikuwa mkandaji katika kiwanda cha mikate, na jina hilo alipewa hukohuko, kwa sababu ndoo ya chachu hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Wafanyakazi wengi walikuja kazini kwa pikipiki, na wenye pikipiki waliwabeba wasio nazo. Walikuwa na utaratibu wao. Asiye na chombo alisimama kwenye kona ya kiwanda cha sabuni, kile kilichofungwa zamani, ambacho kuta zake zilikuwa bado zinanuka mafuta yaliyochacha. Mwenye kiti kitupu alipunguza mwendo, akasema "Panda!" bila kugeuka, maana nyuma yake wengine walikuwa wakipiga honi. Abiria akishakaa aligonga bega la dereva mara moja: nimekaa, twende. Akishashuka getini aligonga mara mbili: nimeshuka, asante. Injini na helmeti ziliwafanya waache maneno, wakabaki na bega.

Asubuhi ile Mama Chachu alikuwa juu ya skuta yake ndogo, mawazo yake yako nyumbani kwa mtoto anayemnyonyesha, aliyemwachia mama mkwe. Kwenye kona aliona mtu kwa pembe ya jicho. Akasema, "Panda!" Skuta ikadidimia nyuma. Bega likagongwa mara moja. Akaondoa chombo.

Getini alisimama, akangoja. Hakugongwa. Alipogeuka hakuona mtu, ila kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea, na sponji yake ilikuwa inainuka polepole kama unga unaoumuka.

"Siku hizi watu hawana hata asante," alimwambia Kidevu, mchomaji wa mikate.

"Nani huyo?"

"Si mmoja wenu pale kona? Nimempakia sasa hivi."

Kidevu alicheka. "Wa kona tumeshafika zamani. Wewe umeingia peke yako, Mama Chachu. Nikasema leo mama kaona uchungu hata kumpa mtu kiti."

Alipovua helmeti alihisi ubichi kisogoni. Akapapasa. Vidole vilirudi na uteute mzito, wa vuguvugu, uliovutika kutoka shingoni bila kukatika. Ulinuka nanasi lililooza, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya mdomo wa mtu aliyelala bila kupiga mswaki. Alijifuta, akanawa kwa maji ya moto mpaka ngozi ikawaka, kisha akaenda kukanda.

Kesho yake hakusimama kwenye kona wala hakusema neno. Skuta ilididimia hivyohivyo, ikiwa mwendoni. Bega likagongwa mara moja.

Mikate ndiyo iliyosema kwanza. Msimamizi aliupasua mmoja mezani, na nusu zile mbili hazikukubali kuachana. Katikati ya nyama ya mkate palikuwa na nyuzi, nyembamba, zinang'aa, na kadiri alivyovuta ndivyo zilivyorefuka.

"Makamasi ya mtu mzima haya," alisema Kidevu, akageuza uso.

Msimamizi hakucheka. "Ni mikate ya mkono wako tu, mama. Ya wenzako mizima. Nikiona tena, ndoo ya chachu naikabidhi kwa mwingine."

Mumewe alikuwa fundi wa pikipiki, na uani kwake vyombo vya wateja vilijaa mpaka kuku walikosa njia. Alimsikiliza mkewe huku anafuta mikono ya grisi.

"Skuta yako springi zimekufa," alisema. "Jini lenye akili litapandaje kitu kama hicho? Kesho chukua ile ya mashamba, ndefu, inavuka mitaro. Huyo abiria wako hatafikisha mguu."

"Usinitanie, Fundi. Ananilamba."

"Anakulamba?"

"Kisogoni. Nikifika nimeloa."

Fundi aliweka chini kitambaa cha grisi, akaenda kuitoa ile pikipiki ya mashamba.

Pikipiki ya mashamba ilikuwa ya juu, na matairi yake yenye meno yalinguruma kwenye lami. Alipofika kwenye kona, vikanyagio vya abiria, ambavyo Fundi alikuwa amevikunja kwa mkono wake, vilishuka vyenyewe. Tak. Tak. Kama mtu anayejitengenezea nafasi. Jioni Fundi alivikagua. Vilikuwa vimepakwa uteute uleule, na ndani yake kulikuwa na nywele fupi na vipande vya kucha, laini kama maganda ya vitunguu. Alinusa kidole. Watu wa nyumba ile wanakumbuka kwamba Fundi hakuwa mtu wa kutapika, hata alipokuwa mgonjwa, lakini jioni ile alishika ukuta na kutapika mpaka akabaki anakohoa maji.

Hakutania tena. Alimpa pikipiki ya umeme ya mteja mmoja. "Hii haina mlio," alisema kwa sauti ya chini. "Kama kuna kitu nyuma yako, utakisikia, tujue ni nini."

Alikisikia. Kwenye ile skuta na ile ya mashamba injini ilikuwa imemsitiri, na yeye hakujua kwamba ni sitara. Sasa chombo kiliteleza barabarani bila sauti, upepo tu na matairi, na tangu kwenye kona mpaka getini alisikia karibu na sikio lake pua inayonusa kwa pumzi ndefu, ya kushiba, kama mtu aliyeinamia mkate uliotoka tanurini, kisha ulimi ukipapasa meno, kisha mdomo ukimung'unya kitu kisichokuwepo, ukimeza, ukisubiri mate yajae, ukimeza tena. Alifika kazini ameng'ata mdomo wake mpaka damu. Siku hiyo alipokwenda kukamua maziwa ya mtoto, yalitoka na uzi.

"Leta helmeti," alisema Fundi jioni. Aliigeuza. Kitambaa cha ndani, upande wa kisogo, kilikuwa kimetafunwa.

Hapo ndipo Fundi alipofanya lile ambalo fundi tu angeweza kulifikiria. Aliwaza kama fundi: abiria anahitaji kiti. Uani kulikuwa na pikipiki ya mbio, ya kuinamia tangi, na kiti chake cha nyuma kilikuwa kidogo kama sahani. Alikifungua bolti moja moja, akaking'oa, akavikata na vikanyagio, akaziba kila tundu kwa bati na kulipaka rangi. Hapakubaki mahali pa kuweka hata kikombe.

"Sasa," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitabasamu. "Asiye na kiti atakaa wapi?"

Asubuhi Mama Chachu aliifikia kona ya sabuni akiwa ameinama juu ya tangi. Chombo hakikudidimia. Aliipita kona. Aliupita ukuta wote wa kile kiwanda, akaanza kucheka ndani ya helmeti, na bado anacheka aliposikia magoti yakimbana mbavu, kwanza moja, kisha la pili, na mikono isiyo na mifupa ikizunguka chini ya matiti yake, na kifua kilichoroa kikilala mgongoni mwake chote, na ulimi, baridi safari hii, mpana, wenye chembechembe kama za ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, ukipenya chini ya helmeti na kuingia sikioni taratibu, ukizunguka, ukitafuta.

Bega likagongwa mara moja.

Jioni aliporudi na kuzima chombo, mzigo haukubaki kwenye pikipiki. Haikuwa na kiti cha kuubakizia. Alivuka kizingiti cha nyumba yake akiwa ameinama, na Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja habari njema, aliona shati la mkewe limegandamana mgongoni kwa umbo ambalo halikuwa lake.

Mama mkwe hakujua lolote. Walikuwa wamemficha wasimtie hofu. Alikuja na mtoto, yule waliyemwita Kidonge kwa jinsi alivyokuwa mnene, akampa mama yake. Kidonge hakutaka ziwa. Alilisukuma, akanyoosha mikono juu ya bega la mama yake, akawa anachekea kitu kilichoko nyuma.

"Unamwita nani huko, kipenzi cha bibi?" alisema mama mkwe, akimchezesha mguu. "Hebu mwambie apande, basi, twende zetu!"

Kidonge alipiga kelele za furaha. Alipogeuza uso, shavu lake lote, kutoka kidevuni mpaka jichoni, lilikuwa linang'aa, na uzi mmoja wa uteute ulining'inia kutoka kopeni mwake mpaka begani kwa mama yake, ukicheza kila alipopumua.

Mama mkwe alimnyakua mtoto. "Hii nini? Mwanangu, hii nini?"

Wakamwambia.

Siku mbili mtoto alikataa ziwa. Akiletwa karibu na mama yake alinusa, akakunja uso, akatapika. Walimpa maziwa ya kopo kwa kijiko, na mengi yalirudi. Mashavu yalianza kulegea. Mama Chachu alilala sakafuni jikoni, peke yake, ubavu, maana chali haikuwezekana, na kila alipokaribia kusinzia alisikia mate yakimezwa.

Mama mkwe ndiye aliyekwenda kumwita rafiki yake, mwanamke aliyeosha maiti miaka yote na ambaye watu walimfuata kwa mambo ya namna hii bila kutaka kuonekana. Wakimwita Mwoshaji. Alikuja mchana na mfuko wa plastiki. Aliiomba helmeti, akaingiza vidole ndani, akavisugua, akavinusa, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Si mkali huyu," alisema. "Ni mchafu tu. Afadhali mkali. Mkali hutaka jambo, ukampa, akaondoka. Huyu anataka kubebwa. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia panda," alisema Mama Chachu.

"Wewe mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Ndivyo tunavyosema pale kona. Kwa yeyote."

"Basi kwa mdomo huohuo utamwambia ashuke. Palepale, juu ya chombo kilekile cha kwanza. Usigeuke, usiteme, usitapike, hata afanye nini. Ukimwonyesha kinyaa atajua anakupata." Alifunga mfuko wake. "Na niambieni kweli. Kuna mwingine aliyemkaribisha?"

Fundi alitikisa kichwa. Mama Chachu alitikisa kichwa.

"Nani wa kuukaribisha uchafu huu?" alisema mama mkwe, na alisema kwa moyo mweupe.

Mwoshaji alimwogesha Mama Chachu kwa maji ya chumvi, akimnong'onea mgongoni maneno ambayo wengine hawakuyasikia, na saa ya jua kali wakamtoa nje na skuta yake ndogo.

Kona ilikuwa tupu. Ukuta wa kiwanda cha sabuni ulitoa jasho la mafuta kwa joto. Alisimama, akaacha injini ikinguruma, akashika breki zote mbili.

"Shuka," alisema.

Mikono ilimkaza. "Shuka," alisema tena, na ulimi ulitoka sikioni ukaja shavuni, ukapita pembeni mwa pua, ukafika kwenye mdomo uliokuwa umefunguka ili kusema neno lile kwa mara ya tatu, ukasimama palepale kati ya meno yake, mnene, ukidondosha, wenye ladha ya nanasi bovu na sabuni na ya kitu kilichokufa kwenye maji, na tumbo lake lote likapanda mpaka kooni, naye akalimeza, akalimeza pamoja na kila kilichokuwa kinywani, akamfikiria Kidonge na mashavu yake yaliyolegea, akasema kwa sauti iliyozibwa lakini iliyoeleweka, "Nimesema shuka."

Mgongo wake ulibanduka kama unga mbichi unaobanduka kidoleni, kidogo kidogo, kwa kelele ya kufyonza. Skuta ikainuka.

Bega likagongwa mara mbili.

Aliondoka bila kutazama kioo. Alipofika mbali na ile kona ndipo aliposimama, akatapika kwenye mtaro mpaka akachoka, akarudi nyumbani anacheka na kulia. Fundi alichoma helmeti na shati. Mwoshaji alikula chakula chake, akanawa, akaenda zake.

Mikate ya siku iliyofuata ilipasuka safi, mikavu, na Kidevu alikula kipande mbele ya wote ili kumtoa mwenzake aibu. "Mtamu," alisema. "Ungejua ndoo yako ilivyokulilia."

Jioni, Mama Chachu alikaa kwenye kiti cha jikoni na kumchukua mtoto mwenyewe. Kidonge alimnusa kifuani. Hakukunja uso. Akalikamata ziwa, akavuta, akavuta kwa nguvu kuliko siku zote, na mama yake alifumba macho. Mama mkwe alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Fundi, mlangoni, alianza kupiga mluzi.

Mtoto aliposhiba, Mama Chachu alimweka begani ili acheue. Akamsugua mgongo. Kidonge akacheua, cheuo refu, la mtu mzima, na jikoni kote kukanuka nanasi lililooza.

Mluzi wa Fundi ulikatika. Mama mkwe alishika mdomo wake kwa mikono miwili, kama mtu anayejaribu kulirudisha neno lile, "apande".

Kiganja kidogo, chenye joto, kilichoroa, kikainuka na kumgonga mama yake begani mara moja.

Mama Chachu hakugeuka. Alisimama palepale katikati ya jikoni, mtoto begani, akisubiri pigo la pili.