Udi wa Gofuni

Jumamosi moja mchana, saa ambazo Mtaa wa Kongo hauna pa kutia mguu, guta la magurudumu matatu lililosheheni marobota ya mitumba lilikata kona bila kengele na kuipiga meza ya Ummy. Vikopo vyake vya udi vikaviringika hadi chini ya miguu ya watu. Ummy alikuwa amevaa dira la zambarau na mtandio mweusi, na maneno aliyomtolea mwenye guta siwezi kuyaandika, maana hadithi hii huenda ikasomwa mbele ya wakwe.

Alipogeuka alimkuta kijana wa Kihindi amechutama, kamera inaning'inia shingoni, anaokota vikopo kimoja kimoja na kuvipuliza vumbi.

"Pole, dada. Hiki kimepasuka, basi nakinunua mimi."

"Hujui hata ni nini."

"Udi."

"Udi wa kupika huo. Nyie si mnachoma vile vijiti?"

"Nyie nani? Mimi mtoto wa Gerezani, bana. Duka la spea la mzee Shashikant unalijua?"

"La yule mzee asiyecheka?"

"Ndiye baba yangu. Mimi Pratik, ninayecheka."

Ummy akajikuta anacheka yeye. "Haya, Pratik unayecheka, na huo udi unamchomea nani?"

Kijana akatazama pembeni. "Nipe viwili," alisema.

Swali lile hakulijibu, na Ummy hakulikazania. Macho ya yule kijana yalikuwa mazuri, na ukiisha kuyatazama macho mazuri hukumbuki tena ulichouliza.

Kila mpika udi ana siri yake. Ya Ummy aliachiwa na bibi yake: maganda ya chungwa yaliyokaushwa kivulini, yakasagwa, yakatiwa kwenye sukari inapoanza kuungua. Mtaa mzima wa Kongo hakuna mwingine aliyetia chungwa. Pratik alikuwa akirudi kila wiki kuchukua vikopo viwili, na kila wiki alikaa zaidi kidogo, mpaka Mboni, muuza mitandio wa meza ya pili, akaanza kumwita shemeji.

Wapenzi wengine wa Bongo hupelekana Feri kula samaki wa kukaanga. Pratik alimpeleka Ummy kwenye magofu. Alikuwa na RAV4 kuukuu ya milango miwili, na siku ambazo baba yake hakumhitaji dukani walitoka mjini kwenda kupiga picha mahali palipoachwa. Walikwenda kwenye hoteli ya ufukweni ambayo bwawa lake la kuogelea limeota miti. Walikwenda kwenye stesheni ambayo treni haisimami tena, na kwenye kiwanda ambacho popo wamekuwa wengi kuliko wafanyakazi wa zamani. Ummy aliogopa kila safari, na kila safari alisema Bismillahi mara mbili kabla ya kuvuka kizingiti. Hata hivyo alikwenda, kwa sababu magofuni Pratik alikuwa mtu mwingine. Alimshika mkono. Alimwita laazizi kwa sauti kubwa mpaka kuta zikamrudishia.

"Laazizi, simama hapo kwenye mwanga."

"Nikitokewa na jini utanikimbia."

"Nitampiga picha kwanza, halafu nitamposa yeye, maana hatapiga kelele kama wewe."

Lakini wakati wa kurudi mambo yalibadilika. Wakifika Kimara mkono wa Pratik ulirudi kwenye usukani. Wakifika Magomeni alimwomba Ummy alaze kiti. Wakifika Jangwani alimteremsha achukue bodaboda, yeye akaingia mjini peke yake.

"Nipe muda," alisema kila akiulizwa. "Baba ana ugonjwa wa moyo."

Waswahili walishasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na Pratik alikuwa akikohoa ndani ya mto. Mboni yeye hakuzunguka.

"Shoga, mwanamume huyo anakupeleka pasipo na watu tu. Ama ana mke, ama ana woga. Chagua kimoja uanze kulia mapema."

Ummy alichagua mke. Alichagua siku ambayo simu iliita garini, na Pratik akaipokea kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili: "Ndiyo, Jumamosi nakuja. Udi nitaleta, ule ule wa machungwa. Usilie basi." Na upande wa pili, waziwazi kabisa, sauti ya mwanamke.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Mteja wa spea analilia udi?"

"Ummy, bana. Usinichunguze."

Mwanamke wa pwani hahitaji kuelezwa udi ni wa nini. Mwanamke hujifukiza, akafukiza na shuka, akamngoja mume. Kwa hiyo miezi yote ile, kwa mikono yake mwenyewe na siri ya bibi yake, alikuwa anampikia mwenzake! Usiku ule wivu ulimla mpaka akaona aibu.

Jumamosi ilipofika Pratik alilikuta gari lake lina mtu. Ummy ameketi mbele, baibui jeusi, miwani ya jua, mkanda ameshafunga.

"Leo siendi kupiga picha," Pratik alisema.

"Najua. Unapeleka udi wangu, na mimi nausindikiza."

Pratik alisimama kwenye jua akiwa ameshika mfuko wake. Angeweza kukataa, lakini aliingia akawasha gari.

Walipita Kibaha, wakapita Mlandizi, na mawingu yakaanza kushuka. Baada ya Chalinze waliiacha lami wakaingia kwenye mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, safu kwa safu, majani yamekauka ncha na magugu yamepanda mpaka mabegani. Hapakuwa na kuku wala mtoto wala moshi.

"Nilitaka nikwambie kwa utaratibu," Pratik alisema.

"Niambie."

Badala yake Pratik alisimamisha gari mbele ya nyumba kubwa ya mawe, ya meneja wa zamani. Paa lilikuwa limetoboka upande mmoja, na mbuyu mdogo umejipenyeza kwenye ngazi na kuipasua katikati.

"Ningoje garini kidogo. Tafadhali, laazizi." Akazunguka nyuma na mfuko wake, akapotea.

Ummy alingoja. Upepo ulipita kwenye mkonge ukitoa sauti ya watu wanaonong'ona msibani. Hofu yake ikagombana na wivu wake, na wivu ukashinda. Alishuka.

Alikuwa amelelewa kwamba nyumba, hata tupu, haiingiwi bila hodi, na kwamba hodi ni mara tatu, usipojibiwa, unarudi. Alisimama kwenye ngazi iliyopasuka.

"Hodi!"

Ndipo harufu ikamfikia. Sukari iliyoungua, waridi, na nyuma yake, chungwa. Nywele zikamsimama, kwa sababu ile ilikuwa harufu ya jikoni kwao.

"Hodi!" Sauti ilimtoka nusu. "Hodi!"

"Karibu, mwanangu," nyumba ikajibu. "Mbona mmechelewa?"

Miguu yake iliingia kabla akili haijakubali. Ndani, kwenye sebule isiyo na dari, kanzu nyeupe ya kiume ilikuwa imetundikwa, imepigwa pasi, na chetezo kinafuka chini yake. Makubadhi ya mwanamume yalikaa sambamba mlangoni. Mkeka ulikuwa umetandikwa, juu yake sahani mbili. Na pembeni ya mkeka aliketi mwanamke mdogo wa umbo, nywele zote mvi, sari ya pamba iliyopauka na kanga juu yake, anamtazama kana kwamba wameachana jana.

"Sh-shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa machungwa. Udi wako nimeujua kabla sijakujua mwenyewe." Kiswahili chake kilikuwa laini, cha watu wa pwani. "Mimi Lilavati. Shangazi yake Pratik, yeye huniita Foi. Shashikant ni kaka yangu, kama bado anakubali."

Ummy alitaka kucheka kwa nafuu. Mke aliyemnyima usingizi wiki nzima alikuwa kikongwe huyu! Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye ile kanzu.

"Na hii ya nani, Foi?"

"Ya Bushiri. Mume wangu." Akanyoosha kidole dirishani. Kule nje, katikati ya magugu yote yale, palikuwa na kaburi lililofagiwa vizuri. "Siku ya Jumamosi namfukizia. Usiogope, hali kitu. Njoo uone chumba chenu."

"Chumba chetu?"

Alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na baridi. Akamwongoza kwenye ukumbi wenye giza, akasukuma mlango. Kuta zilikuwa mpya kwa chokaa. Kitanda kipya, godoro bado limo kwenye nailoni, chandarua kina mikunjo ya dukani. Sakafu imefagiwa.

"Pratik kapaka mwenyewe," Foi alisema kwa fahari. "Na lile dirisha linalotazama barabara kaliziba kwa bati, watu wasiwaone."

Ummy aliliangalia lile bati, misumari imepigwa karibu karibu. Nyuma yao ndoo ya maji ikatua chini. Pratik alikuwa amesimama ukumbini, uso umemshuka.

"Hiki ni nini, Pratik?"

"Nilifikiri... tukioana, tukae hapa kidogo. Mpaka baba apoe."

"Foi, wewe unamngoja apoe tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa," alijibu Lilavati bila uchungu wowote. "Bushiri alikuwa dereva wa dukani kwetu. Tulioana bomani, na jioni ile ile kaka alinishushia mlango wa duka usoni, wote, mpaka chini. Kigujarati nikakiacha pale pale. Bushiri alikuwa na rafiki mlinzi huku. Tulikuja kukaa wiki moja."

Bati la dirishani likagongwa na upepo. Ummy aliona maisha yake yote mle chumbani, anapika udi, anamfukizia mtu ambaye hayupo, na ubaridi ukampanda tangu nyayoni.

"Umenizoeza magofu," alisema, "ili siku ukinileta hapa nisishtuke."

"Haki ya Mungu, Ummy, sikufikiria hivyo."

"Hukufikiria. Woga umefikiri kwa niaba yako. Mimi nakupenda, Pratik, sikufichi, nakupenda mpaka najichukia. Lakini mimi mtu mzima mwenye uhai. Sifichwi kwenye nyumba ya kifo. Nirudishe mjini."

Walipofika Jangwani gari likapunguza mwendo lenyewe, kwa mazoea, na Pratik aliposhtuka ameshasimama pale pale pa siku zote. Ummy akatoa kicheko kibaya, akafungua mlango.

"Unaona? Hata gari linajua."

Siku zikapita. Simu iliita mpaka Mboni akaanza kuijibu yeye kwa matusi. Ummy alipika udi na kila akitia chungwa aliiona ile kanzu. Mara mbili aliunguza sufuria. Alimlilia Pratik kama aliyefiwa, na simu zake hakuzipokea. Jioni moja akapokea.

"Ummy. Mpenzi wangu."

"Uko wapi?"

"Garini."

"Umejificha?"

"Nimejificha."

"Basi ukitoka, nipigie." Akakata.

Pratik hakupiga tena. Wiki ikaisha, nyingine ikaingia, na Mboni akaacha kutania. Kisha ikaja Jumamosi, mchana, Kongo imefurika, na Mboni akamshika Ummy bega.

"Shoga, simama. Simama uone."

Katikati ya mtaa Pratik alikuwa anakuja kwa miguu, begi mgongoni, hana kamera. Ubavuni kwake alikuwa Lilavati, sari imefuliwa, kanga mpya, amekumbatia chetezo kifuani. Wapiga debe waliwapisha wenyewe.

"Nimetoka," Pratik alisema, akihema. "Baba nimemwambia juzi, mbele ya mafundi wote. Kachukua funguo za gari, kachukua na za duka. Foi nimemfuata kwa basi."

"Foi, umekubalije kumwacha mzee Bushiri?"

"Kaburi halikimbii," alisema Lilavati. "Huyu kaniambia anaenda kuposa na hana mkubwa wa kusimama naye. Posa haiendi bila mkubwa."

Ummy aliuziba mdomo kwa mtandio. Machozi yalimtoka mbele ya wateja na hakuyafuta.

"Kwetu utaulizwa dini, Pratik."

"Nitajibu."

"Utaulizwa kazi."

"Hapo ndipo pagumu."

Ummy akacheka huku analia, akamwachia Mboni meza. Nyumba ya kina Ummy ilikuwa Gerezani, na njia fupi ilipita mbele ya duka la mzee Shashikant. Walipolikaribia Ummy alimwona Pratik jasho linamtoka juu ya mdomo.

"Tuzunguke nyuma?"

"Hapana. Hapa hapa." Na kwa mara ya kwanza ndani ya jiji, mchana kweupe, akamshika mkono.

Nyundo zikanyamaza moja moja. Mafundi waliinuka kwenye boneti. Mzee Shashikant alikuwa amesimama mlangoni, shati la mikono mifupi limenyooka, miwani juu ya kipaji. Aliutazama ule mkono. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma yao, na uso wake ukabadilika rangi.

"Bhai," Lilavati alisema. Kaka. Lilikuwa neno lake la kwanza la Kigujarati kwa miaka yote ile.

Mkono wa mzee ukapanda juu, ukashika mlango wa bati, akauvuta. Ukashuka kwa kishindo kilichomfanya Ummy afumbe macho. Alipoyafumbua, bati lilikuwa limesimama kiunoni. Chini yake ilionekana miguu ya mzee, na ndala zake, haisogei.

Lilavati aliinama kidogo, akaitazama ile miguu, akatabasamu.

"Kafunga nusu," alisema. "Mwaka ule alifunga wote." Akakipanga vizuri chetezo chake kifuani. "Twendeni, wanangu. Watu wa posa hawachelewi."

Walipokata kona, Ummy aligeuka nyuma. Miguu ilikuwa bado pale pale, chini ya bati.