Kibali Kwanza, Nyundo Baadaye

Jumatatu, tarehe 14 Julai mwaka wa 2025, Rahab aliamka amechoka kama alivyolala. Alipika uji, akampelekea mama mkwe wake kitandani. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kifua chake hakikupatana na baridi ya Nakuru. Upepo ulipenya kwenye madirisha ya mbao yaliyooza kama maji kwenye chujio.

Nyumba yao ya mawe ilijengwa zamani, pamoja na nyingine za mtaa huo zilizofanana nayo.

Asubuhi hiyo fundi Wanyoike alikuja kuweka madirisha ya chuma, mapana kuliko yale ya awali. Kufikia saa sita alikuwa ameng'oa matatu ya mbele. Alizipeleka mbao kwake ziwe kuni, maana mbao kuukuu huwa haki ya fundi.

Saa nane alifika Bwana Kosgei, afisa wa mipango wa kaunti, akauliza kibali. Rahab alimjibu kwamba nyumba ni yao na hati anayo. Kosgei alimweleza kwa upole kwamba hati humtaja mwenye nyumba tu. Haimruhusu kubadilisha sura ya jengo lililo katika orodha ya majengo ya kale. Kisha akabandika mlangoni ilani ya kusimamisha kazi.

"Mathe, hapo mimi sitii mkono tena," Wanyoike alisema, akakusanya vyombo vyake.

Rahab alitundika magunia kwenye matundu, akahamishia kitanda cha bibi jikoni. Halafu aliketi juu ya ndoo. Hata nguvu za kulia hakuwa nazo.

Hapo ndipo jirani yake Jerotich alipomkuta.

"Mama Abby, ulimwomba nani ruhusa?"

"Nani huomba ruhusa ya kuziba baridi?"

"Mimi, mwaka jana, nilipobadilisha mlango. Nilinung'unika njia nzima, lakini niliomba."

Jerotich alimfafanulia hatua zote. Kabla ya kung'oa chochote, mtu huenda kuuliza katika afisi ya mipango. Hujaza fomu, akaambatanisha nakala ya hati na mchoro wa dirisha la zamani na la jipya. Hulipa kwa njia rasmi, akatunza risiti. Kisha hungoja jibu la maandishi.

"Nitachora nini? La zamani limeshakuwa majivu."

"Njoo upime langu. Nyumba hizi ni mapacha."

Walipima pamoja, Jerotich akishika ncha moja ya utepe. Kesho yake Rahab alipeleka maombi, akaeleza pia habari za mgonjwa. Kosgei alimruhusu kwa maandishi azibe matundu kwa mbao kwa muda.

Wiki tano zilijikokota. Bibi alikohoa kwenye moshi wa jikoni, Rahab akilala mkekani kando yake. Hatimaye kibali kilitoka, kikitaka madirisha ya mbao, si ya chuma. Wanyoike aliweka madirisha ya mbao ngumu, yenye umbo lile lile la zamani, lakini yanayofunga barabara. Hakuna aliyewasimamisha.

Bibi alirudi chumbani kwake.

"Sasa upepo ubishe hodi kwanza," alisema, akajifunika blanketi.

Alilala hadi asubuhi bila kukohoa. Rahab naye alilala, asimsikie hata jogoo.

Wewe uliyesoma, usibaki na habari hii peke yako. Msimulie mwenye nyumba ya zamani aliye karibu nawe, kabla hajamwita fundi.