Nani Alifungua Kompyuta ya Mama?

"Mama, nani amefungua hii kompyuta?"

"Nani afungue? Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikalia paa! Ikazima. Hadithi imeishia hapo. We tengeneza."

Bisibisi alimtazama mama yake juu ya miwani. Jina hilo alipewa na wateja, likamganda mpaka hata mwenye nyumba analitumia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja tu: meza ndefu, taa ya kuinamisha, na rafu za mashine zinazosubiri zamu. Mama, mkunga mstaafu, hakuwahi kukanyaga hapo. Leo asubuhi kaingia na kompyuta kaibeba kifuani, kaifunga kwenye shuka kama kichanga, kakaa kwenye stuli na kusema, "Nimekuja kama mteja. Usiniletee mambo ya umama."

Mwaka mzima walikuwa hawaelewani, na chanzo ni mtu mmoja: Mrefu, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mchumba wa Bisibisi. Mama alisema hamtaki. Ukimuuliza kwa nini, anasema hamtaki.

Na huyo Mrefu naye, jamani! Siku kumi na sita sasa yuko kimya. Meseji yake ya mwisho ilisema: "Nipe muda kidogo mpenzi. Kuna kitu lazima nikitengeneze kwanza." Baada ya hapo, simu haipokelewi na karakana yake ina kufuli. Bisibisi alilia, akakasirika, akalia tena. Mwisho akajiwekea siku, na siku yenyewe ndiyo hii: jioni ikifika bila neno, pete inarudi kwa mwenyewe.

Lakini kompyuta iliyofunguliwa ni kompyuta iliyofunguliwa, na Bisibisi akianza kudadisi hata njaa hasikii.

"Mama, njoo uone. Hapa kuna vumbi, hapa vumbi, mpaka feni imeota ndevu. Sasa hii pawa saplai, kisanduku cha kugawa umeme, inang'aa. Imewekwa juzi juzi."

"Labda ndiyo zilivyo."

"Pawa saplai haiogi, Mama."

Mama akageukia mlango, akajifanya anaangalia wapita njia.

Bisibisi akainama tena. Nyaya zilifungwa pamoja kwa utepe mweusi, na ncha ya utepe ilikunjwa kidogo ili atakayekuja kufungua asihangaike kuing'oa kwa kucha. Mafundi wengi hufunga utepe wakaenda zao. Anayemfikiria fundi wa kesho, katika wote aliowahi kuwajua, ni mmoja tu.

Akafika kwenye waya unaopeleka umeme kwenye diski. Pawa saplai mpya, waya wa zamani. Vumbi la miaka mingi limeushika kama gundi.

"Haiwezekani," alinong'ona. "Huyu anajua. Kosa hili anawafundisha watu wasilifanye."

"Kosa gani?" Mama aliuliza haraka mno kwa mtu asiyejali.

"Kila kampuni inapanga nyaya zake kwa namna yake. Ukichukua waya wa pawa saplai ya zamani ukauchomeka kwenye mpya, unaingia vizuri kabisa, ila umeme unapita njia siyo. Unaunguza kilichoko mwisho wa waya. Na hapo mwisho wa waya..."

Alimulika kwa tochi. Palikuwa na nafasi tupu na matundu manne ya skrubu.

"Mama. Diski iko wapi?"

Mama alikaza midomo. Kwenye diski hiyo alikuwa ameandika kazi yake ya maisha: watoto elfu mbili na ushee aliowapokea kwa mikono yake, na kwa kila mtoto, neno la kwanza lililomtoka mzazi wake.

"Mteja haulizwi maswali mengi," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Bisibisi akapiga picha ya ule waya na pawa saplai, akamtumia Mrefu. Hakuandika nimekukosea nini, wala una mwingine. Hizo alishatuma ishirini bila jibu. Aliandika: "Huu waya umeingia vizuri. Niwashe?"

Hata simu hajaiweka mezani, ikatetema.

"USIWASHE!!! Waya si wa hiyo saplai. Nilikuwa na haraka, mikono inanitetemeka, nika"

Hapo meseji ikakatika. Bila shaka aliituma kabla hajamaliza, ndipo akagundua amejibu nini. Bisibisi akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Haloo," Mrefu alisema, kinyonge.

"Mikono ilikuwa inakutetemeka kwa nini?"

"Bisi..."

"Usiniite Bisi. Jibu."

"Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu."

Bisibisi akamgeukia Mama. Mama akatazama dari.

"Nilienda kumwomba atukubalie," Mrefu aliendelea. "Sikukwambia, nilitaka nikuletee jibu zuri. Akaniambia, kwanza nitengenezee kompyuta. Pawa saplai imekufa, kazi ya nusu saa, ya kitoto! Nikabadilisha. Ule waya ulikuwa umeshapita vizuri nyuma ya bati, nikauacha. Nikawasha. Nikasikia harufu. Bisi, niliunguza maisha ya mama yako mbele ya macho yake."

"Kisha ukanikimbia mimi?"

"Ningekutazamaje? Nilichukua diski. Nimetafuta nyingine ya aina ileile, nimehamisha ubao wake wa umeme nikaufunga kwenye ile iliyoungua. Inasoma, ila kwa kusuasua, nailinda usiku na mchana. Nimenakili nusu. Niliapa sirudi kwenu mpaka neno la mwisho lipatikane."

Bisibisi alitaka kupiga kelele, akaishia kuketi. Siku kumi na sita alikuwa akimchukia mwanamke asiyekuwepo.

"We Mrefu," Mama alisema ghafla.

Upande wa pili wa simu kitu kilianguka. "Shikamoo, Mama. Sikujua uko hapo."

"Marahaba. Siku ile uliniambia nini, baada ya ile harufu?"

"Nilisema... Mama, nimekosea. Si umeme. Ni mimi."

"Na mimi nilikujibu nini?"

"Hukunijibu, Mama. Ulinitazama tu. Nikajua yamekwisha."

"Mjinga wewe." Mama akasogea karibu na simu. "Niliishi na baba yake huyu miaka thelathini na moja. Alivunja vitu, alisahau, alinifokea mbele ya wageni. Neno hilo, nimekosea, halikumtoka hata siku moja. Na wewe ulipoingia kwangu mara ya kwanza, mcheshi kama yeye, hodari kama yeye, nikasema basi, ndiye yuleyule, mwanangu hataishi nilivyoishi. Halafu unasimama sebuleni kwangu unalisema bila hata kuulizwa! Ungesingizia umeme, mimi ningejulia wapi? Nilikosa la kusema. Sikuwa nimezoea. Kumweleza huyu nikashindwa, ndiyo nikamletea kompyuta aone mwenyewe."

Bisibisi alivua miwani akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo.

"Njoo," Mama alisema.

"Diski haijamaliza, Mama."

"Nimeita diski?"

Dakika kumi hazikufika, Mrefu alisimama mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, vifungo vya shati vimepishana. Akamwendea Mama moja kwa moja, akainama kuomba radhi. Mama akamsukuma begani.

"Mimi ulishaniambia. Siku kumi na sita hizi ni za nani?"

Mrefu akageuka. "Nimekosea," alimwambia Bisibisi. "Nilikaa na kosa langu kama ni langu peke yangu, nikakuacha na mawazo. Nisamehe."

"Ukininyamazia tena," Bisibisi alisema, machozi na kicheko vikigombania uso, "nakuchomeka kwenye umeme kwa waya huohuo."

Akamshika mkono, akaushikilia. Kisha akamgeukia mama yake.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Mama. Mwaka mzima."

Mama aliokota shuka, akalikunja mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Alitazama mlango, akatazama stuli, mwisho akamtazama binti yake.

"Nimekosea, mwanangu," alisema, kwa taabu ya mtu anayejaribu lugha ngeni. Kisha haraka haraka akamgeukia Mrefu: "Wazazi wako waje Jumamosi. Asubuhi. Na wewe uvae shati vizuri."