Udongo wa Kulelea Miche ya Alizeti

Asubuhi fundi baiskeli alimkuta mkewe amechuchumaa barazani mbele ya trei za miche. Mwaka uliopita walipanda alizeti moja kwa moja shambani, ndege wakafukua mbegu. Safari hii mke aliamua kuotesha miche nyumbani kwanza. Lakini miche mingi ilikuwa imelala, mashina yameoza.

"Mbegu zilizobaki zinatosha mara moja tu," mke alisema. "Hizo nazo zikioza, mwaka huu hatuna alizeti."

"Lakini huu ni udongo wa shambani," fundi alisema. "Si ndimo itakamoishi?"

Jioni alikuja dada yake fundi, anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Alibonyeza udongo wa trei. Kidole hakikuingia.

"Kaka, hapa mmefyatua matofali."

"Haya, anza maneno yako," fundi alicheka.

"Shambani maji yana pa kwenda. Humu udongo unagandamana, maji yanatuama, mizizi inakosa hewa. Hata mche ukipona, ukiutoa mzizi mkuu unakatika. Alizeti ikikatika mzizi huo inadumaa."

"Basi niweke samadi tupu?" mke aliuliza.

"Hapana, wifi. Samadi mbichi itaiunguza. Chukua mboji iliyooza kabisa, isiyonuka. Sehemu mbili za mboji, moja ya maganda ya mpunga. Yachome yawe meusi, yasifike kuwa jivu, kisha yaoshe. Changanya, lowesha, ubinye konzi moja. Donge lishikane, lakini ukiligusa liachie."

Mke alichekecha mboji polepole. Donge la kwanza lilichuruzika maji hadi kwenye kiwiko. Hakukasirika. Aliongeza maganda, akabinya tena. Donge likashikana, akaligusa, likamomonyoka. Fundi naye alipasha moto spoko ya baiskeli, akatoboa trei chini ili maji yapite. Mke akazijaza mchanganyiko, akapanda mbegu zilizobaki.

Mvua zilipoanza, mke alisukuma mche wa kwanza kwa kidole kutoka chini. Ulitoka na udongo wake wote, mizizi myeupe imeukumbatia. Fundi aliupokea kwa viganja viwili.

"Usiukodolee macho, kaka. Panda," alisema dada yake, aliyekuja kuwasaidia.

Miche ilishika. Msimu ulipokomaa, vichwa vya alizeti viliinama kwa uzito. Jirani alisimama njiani, akauliza wamefanyaje.

"Muulize mwenye shamba," fundi alijibu, akamwonyesha mkewe.