Nzuri Tatu za Adrienne

Jamani ndugu zangu wa huku ughaibuni, wa Alby, wa Tumba na wa Märsta, sogeeni niwasimulie. Na wewe unayejiona Kiswidi umekimaliza, sogea zaidi, maana hii ni yako.

Nyumbani kwa Évariste, Jumapili ilikuwa Jumapili kweli. Wametoka kanisani, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iko mezani, mkewe Adrienne anaimba huku akisonga bugali, binti yao Aurore anajibu kila kitu kwa Kiswidi na hakuna anayemgombeza. Évariste alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege, na Kiswidi chake kilikuwa cha inua, shusha, sukuma. Kwa masanduku kilitosha kabisa.

Kesho yake Adrienne akateleza kwenye barafu akienda kazini, mguu ukavunjika. Hospitali wakamfunga plasta ngumu. Nesi akauliza kama aitwe mkalimani wa Kiswahili. Évariste akakataa.

"Mkalimani wa nini, Mama Aurore? Huku tunajuana wote. Leo atafsiri mguu wako, kesho kwaya nzima inaujua."

Usicheke, msomaji. Wangapi kati yetu tumesema hivyo hivyo?

Siku ya pili mguu ukaanza kuwaka ndani ya plasta. Wakarudi. Daktari akauliza, unajisikiaje? Sasa Adrienne ni mtoto wa Uvira, kule kwetu, amelelewa. Ukiulizwa hali unajibu nzuri kwanza, hata kama paa linaungua. Mwenzio atauliza ya watoto, atauliza ya kazi, ndipo unamshushia shida yako pole pole. Basi akasema, "Nzuri, tunashukuru Mungu. Ila huu mguu ni moto mtupu."

Évariste akatafsiri: yuko vizuri, unauma kidogo.

Daktari hakuuliza tena. Akatazama vidole, akaandika, akasema kuvimba ni kawaida. Plasta hakuifungua.

Wakarudi siku ya tatu, wakarudi ya nne. Swali lile, jibu lile. Évariste aliona kwa macho yake vidole vinabadilika rangi, lakini kubishana na daktari kwa Kiswidi cha masanduku, mbele ya mkewe, aliona haya. Siku ya tano daktari mwingine akaifungua plasta. Damu ilikuwa haipiti tena. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Daktari huyo wa pili ndiye aliyewaambia wana haki ya kudai fidia. Adrienne hakuota utajiri. Kazi yake ya usafi ilikuwa imekwisha, na alichotaka ni mtu mwenye mamlaka aandike maneno mawili tu: tumekosea sisi. Usiku na mchana aliyangoja hayo. Wakampata mwanasheria, Rebecka, mtu mpole, naye akasema kesi inaonekana nzuri. Kisha akaletewa faili la hospitali. Akalisoma, akavua miwani, akauliza nani alikuwa anatafsiri.

Barua ya wanaoamua fidia ilifika baada ya mwaka na nusu. Aurore akaisoma kwa Kiswidi, sauti ikizidi kushuka. Adrienne akamgeukia mumewe amwambie imesema nini.

"Wamekataa," Évariste akasema. "Wanasema mara tatu uliulizwa, na mara tatu ulijibu uko vizuri."

"Nani aliwaambia niko vizuri? Ile ilikuwa nzuri ya salamu."

"Mimi, Mama Aurore. Wameandika hapa: mume ndiye alitafsiri."

"Na moto? Mimi nilisema moto. Uliwaambia moto?"

Neno la moto kwa Kiswidi Évariste alilijua, mbona. Limebandikwa kwenye kila mlango wa kuzuia moto kule kazini.

"Niliwaambia unauma kidogo," akasema. "Sikutaka watuone wasumbufu."

Adrienne hakulia. Aliomba tu apelekwe chumbani.

Rufaa nayo ikakataliwa. Hapakuwa na ushahidi mpya. Siku hizi Adrienne akienda kliniki anaingia na mkalimani, na Évariste anabaki kwenye korido. Hajafukuzwa. Lakini hajaambiwa aingie.

FUNZO

Hospitali ilikosea, hilo silifichi. Vidole vyeusi havihitaji Kiswahili. Ila fidia haitolewi kwa machozi, ndugu zangu, inatolewa kwa kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni kile tulichosema. Mkalimani ni haki yako, hulipi chochote, na sheria imemfunga mdomo, si kama shangazi yako. Mume asitafsiri, mtoto asitafsiri. Anayekupenda hupunguza maumivu yako njiani. Faili lako lisome wiki ile ile, na ukiona uongo sema hapo hapo, usingoje mguu uende.

Na daktari akikuuliza hali, anza na ugonjwa. Afadhali uonekane umekosa adabu, urudi nyumbani na miguu yako miwili.